Udongo Usiuwahi Ungali Maji

Kwa wiki kadhaa sasa kuna bilauri mbili kando ya dirisha langu, na ndani ya kila moja kuna udongo. Nimeshindwa kuziondoa, ingawa maji yake yamekwisha kupungua na kioo kimeshika ukoko wa matope.

Nilizijaza asubuhi moja mwishoni mwa majira ya baridi. Nilichukua madongoa mawili yenye ukubwa wa yai, nikayaacha yakauke kabisa kwa siku nne, kisha nikayashusha taratibu ndani ya maji, kila moja katika bilauri yake, likiwa limekalia kipande cha wavu. Dongoa la kwanza nililitoa katika tuta ninalolilima kila mwaka, lile ninalolitia mbolea, kulipalilia na kulihangaikia kuliko sehemu nyingine yoyote ya bustani. La pili nililitoa hatua nne tu kutoka hapo, chini ya ua wa vichaka, mahali ambapo sijawahi kutia jembe na ambapo majani makavu huanguka na kuozea papo hapo.

Dongoa la tuta lilianza kumeguka kabla sijauondoa mkono. Vilitoka vipovu vya hewa, upande mmoja ukaporomoka, ukafuata wa pili, na baada ya dakika tatu hivi hapakuwa na kitu juu ya wavu isipokuwa tope, huku maji yakiwa mazito na ya kahawia. Dongoa la chini ya ua lilitoa vipovu vichache, likatulia. Saa nzima ilipopita lilikuwa bado zima, na maji yake yalikuwa maangavu kiasi cha kuniwezesha kuona vinyuzi vya mizizi vikining'inia chini yake.

Udongo wenyewe ni mmoja. Mvua inayounyeshea ni moja.

Niliouhudumia ulikuwa mgonjwa, na niliouacha ulikuwa mzima.

Siku tatu za jua

Chanzo cha jambo hili ninakifahamu vizuri, na kilitokea katika majira ya kuchipua yaliyopita. Baridi ilikuwa imechelewa kuondoka, mvua haikukatika, na miche niliyoiotesha ndani ya nyumba ilikwisha kurefuka na kupauka kwa kutafuta mwanga. Kisha zikaja siku tatu za jua mfululizo. Uso wa tuta ukakauka, ukapata ile rangi ya kijivu inayomdanganya mtu, nami nikachukua jembe la meno nikaanza kupindua.

Chini ya sentimita mbili au tatu za juu, udongo ulikuwa bado umelowa. Nakumbuka sauti ya mnyonyo kila meno ya jembe yalipochomoka, na nakumbuka zaidi sura ya kila bonge nililoligeuza: upande uliopitiwa na chuma ulikuwa laini na unang'aa kana kwamba umepakwa mafuta. Mng'ao ule ndio uliopaswa kunisimamisha. Niliendelea hadi mwisho wa tuta, mita sita kwa mita moja na nusu, nikikanyaga sehemu niliyokwisha kuilima ili niifikie ile iliyobaki.

Kuna methali tuliyokua nayo sote: udongo uwahi ungali maji. Huambiwa mzazi kuhusu mtoto, huambiwa mtu anayeahirisha kazi, na siku ile ilikuwa inanisukuma mgongoni. Lakini methali hiyo ni ya mfinyanzi. Mfinyanzi anautaka udongo unaokubali kukandwa, unaoshika umbo, usiokuwa na tundu la hewa wala ufa, kwa sababu mwisho wa kazi yake ni chombo kinachozuia maji. Mwenye bustani anahitaji vyote ambavyo mfinyanzi huviepuka: anahitaji vitundu, nyufa na punje zisizoshikamana sana, na anahitaji maji yaingie ndani yasizuiliwe.

Kazi niliyoifanya siku ile ilikuwa ya mfinyanzi.

Baada ya wiki moja ya jua yale mabonge yakawa magumu hata reki ikawa inaparaza juu yake bila kuyavunja. Mvua iliyofuata ilituama juu ya tuta kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mbegu nyingi za karoti hazikuweza kuupasua ukoko, na zile zilizofaulu zilizaa mizizi iliyopinda na kugawanyika miguu miwili au mitatu, kila mmoja ukitafuta njia kati ya madongoa. Zinia nilizozipanda pembezoni zilichanua zikiwa na urefu wa kiganja. Nilimwagilia zaidi, nikaongeza mbolea zaidi, na sikuona badiliko lolote, kwa sababu kilichokosekana hakikuwa maji wala chakula.

Nafasi

Udongo mzuri wa bustani, ukiupima kwa ujazo, huwa na takriban asilimia 45 ya chembe za madini na asilimia 5 ya mata ogani, yaani mabaki yaliyooza pamoja na viumbe wanaoyaozesha. Nusu inayobaki ni nafasi, na katika hali iliyo bora maji na hewa hugawana nafasi hiyo karibu sawa kwa sawa. Nilikuwa nimezisoma hesabu hizi miaka mingi iliyopita na kuzipita. Sasa zinanigusa kwa namna nyingine, kwa sababu ninajua kwamba nusu ya kile ninachokiita udongo ni kitu kisichoweza kununuliwa wala kumwagwa kutoka katika gunia, na ndicho hasa nilichokiharibu kwa asubuhi moja.

Ili nielewe jinsi kinavyoharibika, nilitia udongo wa tuta katika chupa ya kioo yenye maji, nikaitikisa kwa nguvu na kuiweka mezani. Mchanga ulitua ndani ya dakika moja. Chembe za kati zilichukua saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi, ambao kwa kifupi nitauita mfinyanzi, ulikuwa bado unaelea kama wingu siku iliyofuata, na hilo si ajabu, kwa maana chembe ya mchanga ina upana wa kati ya milimita 0.05 na 2, ilhali chembe ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Isitoshe, chembe za mfinyanzi ni bapa kama kurasa. Zikiachwa katika mpangilio wa ovyo hushikana kingo kwa nyuso na kuacha mianya. Zikisukumwa zikiwa zimelowa huteleza na kulaliana, ukurasa juu ya ukurasa, mpaka mianya ikafungika.

Kinachozuia kulaliana huko ni uhai. Bakteria hutoa ute unaogundisha chembe, nyuzi za kuvu huzifunga, vijizizi vyembamba huzizungushia, na nyungunyungu huzipitisha tumboni na kuzitoa zikiwa punje. Punje hizo ndizo zinazoupa udongo tifutifu jina lake. Mianya mikubwa kati ya punje na punje hupitisha maji ya mvua na kuingiza hewa, na vitundu vidogo ndani ya kila punje huhifadhi maji ambayo mmea utayanywa siku za ukame. Punje ikiwa na unyevu wa wastani huvumilia jembe. Ikilowa chepechepe hupoteza nguvu, na uzito wa mguu wa mtu unatosha kuiponda.

Kwa hiyo zile nyuso zilizong'aa zilikuwa ukuta, na nyayo zangu zilikuwa zimeongeza ukuta mwingine chini yake.

Ushauri wa mchanga

Jirani yangu, mama wa makamo aliyelima bustani kabla sijazaliwa, alisimama kando ya tuta akalitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu," alisema, "huu mfinyanzi umekushinda. Mwagia mchanga." Nilimwitikia kwa heshima, na nilikaribia kweli kufanya hivyo, kwani ushauri huo una mantiki: ikiwa mfinyanzi hubana na mchanga huachia, basi mchanganyiko wake utakuwa wa katikati.

Haiwi hivyo. Chembe za mfinyanzi ni ndogo sana, na mchanga ukiwa kidogo mfinyanzi hujaza nafasi zote kati ya punje za mchanga, na matokeo yake hukaribiana na tofali. Ili tabia ya udongo igeuke, ni lazima mchanga uzidi nusu ya ujazo wote, na kwa tuta langu hiyo ingekuwa tani kadhaa za kubeba kwa toroli. Nilimweleza hivyo siku nyingine, taratibu, naye akaniuliza swali ambalo nilikosa jibu lake: "Sasa utafanya nini?"

Kipupwe cha kusubiri

Nilichofanya, majani yalipoanza kupukutika, kilikuwa hiki. Nilipunguza upana wa tuta hadi sentimita 120 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili na mguu usikanyage tena juu yake. Nilisubiri siku ambayo udongo ulikuwa na unyevu bila kulowa, nikalizamisha jembe la meno hadi mwisho, nikalivuta mpini kidogo kuelekea kwangu hadi udongo ukapasuka, kisha nikalichomoa bila kupindua chochote. Nilirudia hivyo kila baada ya sentimita 20. Juu yake nikatandaza mboji, unene wa sentimita 5, ambazo ni sawa na lita 50 kwa kila mita ya mraba.

Nilikusudia pia kulifunika tuta lote kwa mazao ya kulinda ardhi, shayiri iliyochanganywa na klova, mmea mfupi wa jamii ya kunde. Mbegu hazikutosha. Zilifika nusu tu, na nusu nyingine ikabaki na mboji iliyofunikwa kwa majani makavu.

Niliamini kwamba nimekwisha kuurekebisha udongo.

Ndiyo maana bilauri ya kwanza iliniumiza. Dongoa lililoyeyuka kwa dakika tatu lilitoka kwenye tuta lililokuwa limepewa mboji yote hiyo. Nilikaa nayo wiki nzima, nikijiuliza kama nimwage mboji mara mbili ya ile ya kwanza, kama nipindue kila kitu tena ili mboji iingie ndani, au kama niliache tuta hilo na kuhamia kwingine.

Chaki ya mwaka 1842

Katika wiki hiyo nilirudia kusoma habari moja ninayoipenda. Mwezi Desemba mwaka 1842, Charles Darwin alitandaza vipande vya chaki juu ya sehemu ya shamba la majani karibu na nyumba yake nchini Uingereza. Hakuvifukia. Alisubiri miaka 29, na Novemba 1871 akachimba mtaro kukatisha eneo lile. Vipande vyeupe vya chaki vilikuwa vimejipanga mstari mmoja, inchi 7 chini ya uso wa ardhi, karibu sentimita 18, na juu yake ulikuwa udongo laini ulioletwa na nyungunyungu, kinyesi kwa kinyesi, usiku kwa usiku. Alichapisha matokeo ya uchunguzi huo mwaka 1881, mwaka mmoja kabla ya kufariki.

Nikigawanya sentimita hizo kwa miaka ile, napata milimita sita hivi kwa mwaka. Ni polepole kwa mtu mwenye miche dirishani. Hata hivyo ni kazi ya kulima inayofanyika kila mwaka, bila kumponda yeyote, na inamhitaji mwenye bustani kwa mambo mawili tu: awape nyungunyungu chakula juu ya ardhi, na asiyabomoe mashimo yao.

Nilikwenda kuwahesabu wangu. Nilichimba mchemraba wa sentimita 30 kila upande katika ile nusu ya tuta yenye mboji na majani, nikauvunja polepole juu ya turubai, nikapata nyungunyungu watatu. Chini ya ua, katika mchemraba wa ukubwa uleule, nilipata kumi na wanne, pamoja na majongoo, mayai nisiyoyatambua na utandu mweupe wa kuvu uliokuwa umelishona jani moja kwa jani jingine.

Kisha nikakumbuka nusu ya pili ya tuta, ile yenye shayiri na klova.

Bilauri ya tatu

Sikuwa nimeifikiria, kwa kuwa niliihesabu kama sehemu ya tuta lilelile lililoharibika. Nilichimba dongoa kati ya mashina ya shayiri na nikashindwa kulitenga na mizizi: ilikuwa imelipita huku na huku, myembamba kuliko uzi wa kushonea, na kila mzizi ulikuwa umevaa ala ya chembe za udongo zisizodondoka hata nilipoutikisa. Kwenye mizizi ya klova palikuwa na vifundo vidogo kama vichwa vya pini. Nilikipasua kimoja kwa ukucha, na ndani yake kulikuwa na rangi ya waridi, ambayo ni dalili kwamba bakteria waliomo wanaendelea kuinasa naitrojeni ya hewani na kuupa mmea.

Nililikausha dongoa hilo siku nne kama yale mengine, nikalishusha ndani ya maji.

Baada ya dakika tatu lilikuwa zima. Baada ya dakika kumi kona moja ilimeguka. Baada ya dakika ishirini na tano lilikuwa limepoteza karibu nusu yake, na iliyobaki haikuendelea kuporomoka.

Bilauri moja haithibitishi jambo, na ninajilazimisha kulisema hilo kwa sababu moyo ulitaka kushangilia. Huenda upande ule haukukanyagwa sana. Huenda niliuchagua vizuri mahali pa kuchimba. Lakini pande zote mbili zilipata mboji ileile siku ileile, na tofauti niliyoifahamu ilikuwa moja: upande mmoja ulikuwa na mizizi hai katika miezi yote ya baridi, na wa pili ulikuwa na chakula tu. Mzizi hai hutoa sukari na asidi kupitia ncha zake, na hizo ndizo huwalisha bakteria na kuvu wanaoundisha punje. Mboji juu ya udongo mtupu ni ghala lililojaa, lakini walaji wake wengi huishi pale penye mizizi, na mizizi haikuwepo.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama upya swali la jirani yangu. Kila mwaka, msimu ulipokaribia, nilijiuliza nitatia nini kwenye udongo. Sikuwahi kujiuliza ni nini kitakachokuwa kinaishi ndani yake wakati mimi sipo.

Mashaka yaliyobaki

Wapo wanaosema jembe lisiguse ardhi kamwe, nami siwezi kwenda nao hadi mwisho wa njia. Tabaka lililoshindiliwa na nyayo haliondoki kwa maombi, na nyungunyungu watatu katika mchemraba mmoja wangehitaji miaka mingi kuliko niliyo tayari kuingoja. Ninaamini lile jembe nililolizamisha na kulivuta bila kupindua lilisaidia, na kama udongo wako ni mgumu kiasi kwamba fimbo nyembamba haizami zaidi ya sentimita kumi ukiwa na unyevu, ningekushauri ufanye hivyo mara moja kabla ya kuanza subira. Ukilirudia kila mwaka, hata hivyo, utakuwa unabomoa kile kilichokuwa kinajengwa.

Kuna pia suala la baridi. Matandazo yanayoulinda udongo wakati wa kiangazi ndiyo yanayouchelewesha kupata joto wakati wa kuchipua. Nilipima asubuhi moja, sentimita 5 chini: nyuzi 7 za Selsiasi chini ya majani, na nyuzi 10 mahali nilipoyasogeza siku nane kabla. Kwa njegere na letusi, ambazo huanza kuota udongo ukifika nyuzi 5 hivi, tofauti hiyo ni ya kasi tu. Kwa maharage, yanayotaka karibu nyuzi 15, ni tofauti kati ya mbegu inayoota na mbegu inayooza. Sasa ninayasogeza matandazo kando wiki mbili kabla ya kupanda, kisha ninayarudisha miche ikishika. Kuyasogeza huko huwafichua pia konokono uchi, ambao majani makavu huwapa makao, na ndege humaliza kazi.

Shayiri nayo ina sharti lake. Niliikata usawa wa ardhi kabla haijatoa masuke, mizizi nikaiacha humo humo, na ni lazima zipite wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, kwa sababu mabaki yake hutoa kemikali zinazozuia mbegu ndogo kuota. Upande huo hautapata karoti mwaka huu. Utapata miche mikubwa ya kabichi na nyanya, ambayo haidhuriki.

Chakula na sumu

Kuhusu samadi nitasema machache, kwa kuwa ni mahali ambapo nia njema huumiza wengi. Samadi mbichi huunguza mizizi na huweza kubeba vijidudu vya magonjwa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka ichanganywe na udongo si chini ya siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa ardhi, na siku 90 kwa yasiyoigusa. Ukizihesabu siku hizo kurudi nyuma kutoka siku ya kuvuna letusi, utaona kwamba samadi mbichi inayotandazwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua imekwisha kuchelewa. Iliyooza vizuri ni jambo jingine, na siinyimi sifa yake.

Kuna hatari moja isiyoonekana wala kunuka. Baadhi ya dawa za kuua magugu ya majani mapana, aminopiralidi ikiwa mojawapo, hupita tumboni mwa mnyama aliyekula nyasi zilizopuliziwa, zikatoka zikiwa na nguvu zake, na hudumu ndani ya samadi, ndani ya nyasi kavu, na hata ndani ya mboji. Nyanya na maharage yakikutana nazo, majani machanga hujikunja kama vikombe na ncha husokoteka. Kabla ya kutandaza chochote nisichokijua asili yake, ninapanda maharage sita katika vyungu vitatu vyenye mchanganyiko huo na sita katika vyungu vitatu vya udongo ninaouamini, kisha ninasubiri wiki tatu. Wiki tatu ni nyingi pale mtu anapokuwa na haraka. Ni chache ukizilinganisha na msimu uliopotea.

Na vumbi la mbao lisifukiwe. Juu ya ardhi, kama tandazo kwenye njia, halina neno. Likichanganywa na udongo, bakteria wanaolila huichukua naitrojeni iliyo karibu nao ili waweze kulila, na mimea hugeuka rangi ya manjano katikati ya kile kinachoonekana kuwa neema.

Maua yasiyotaka kushiba

Kwa miaka mingi niliyatendea maua kama mboga, na sasa ninaona kwamba nilikuwa nikiyanyima kitu kwa kuyapa vingi. Kabichi ni mlafi, itachukua naitrojeni yote utakayoipa na kuigeuza majani, na majani ndiyo tunayoyataka. Kosmosi na nastashia zikipewa karamu hiyohiyo huota majani mazito ya kupendeza na kuchanua kwa uchache. Mwaka huu zimepata sehemu ya tuta isiyokuwa na mboji mpya kabisa.

Majivu pia nimeyaacha. Nilikuwa na desturi ya kuyamwaga kila baridi ilipokwisha, kwa ajili ya potasiamu, bila kupima hata mara moja pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, ambacho hupanda asidi inapopungua, na majivu huipunguza. Nilipoipima nikakuta 7.4, ilhali mboga nyingi hufurahia kati ya 6.0 na 7.0, na kila tarakimu moja katika kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi. Ushahidi ulikuwa mbele yangu siku zote: haidrenjia yangu, iliyokuwa ya buluu niliponunua, ilikwisha kuwa ya waridi. Rangi hiyo ya buluu huhitaji aluminiamu, na aluminiamu hupatikana kwa mmea pale udongo unapokuwa na asidi. Nililitazama ua hilo misimu mitatu, nikaisifu rangi yake mpya, wala sikuuliza lilikuwa linanieleza nini.

Donge kiganjani

Wiki iliyopita zilikuja tena siku tatu za jua. Uso wa tuta ukawa wa kijivu. Miche iko dirishani, inarefuka.

Siku ya kwanza nilichimba sentimita kumi chini, nikachukua udongo wa kujaza kiganja, nikauminya, kisha nikalisukuma lile donge kwa kidole gumba. Halikupasuka. Lilibonyea na kubaki na alama ya kidole, mistari yote ya ngozi yangu ikionekana juu yake. Niliurudisha udongo shimoni, nikanawa mikono.

Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo.

Jirani yangu alinikuta nimechuchumaa siku ya nne. "Bado hujalima, mwanangu?" Nilimpa donge nililokuwa nimeliminya wakati ule, naye akalisukuma kwa kidole chake. Likavunjika vipande vitatu, vikamwagika kati ya vidole vyake kama makombo. Aliinama akachukua udongo mwingine, akauminya mwenyewe, akauvunja tena.

Tuliyasogeza mabaki ya shayiri kwa mikono, tukachora mifereji miwili midogo kwa ncha ya fimbo upande uliopashwa joto na jua, na tukapanda njegere. Kipimajoto kilisoma nyuzi 11. Maharage bado yamo ndani ya bahasha yake.